Ruta kuukuu yaweza kuwa mlango wa wezi nyumbani

KATIKA nyumba nyingi za mijini humu nchini, kuna kisanduku kidogo chenye antena mbili au tatu ambacho hakuna anayekikumbuka hadi siku intaneti inapokatika. Huwekwa juu ya kabati la runinga au sakafuni nyuma ya kochi, kikajaa vumbi, taa zake zikimetameta usiku na mchana kwa miaka saba, minane, hata kumi. Kisanduku hicho ndicho ruta, na kazi yake ni kupokea intaneti kutoka kwa waya wa kampuni na kuigawa kwa simu, tarakilishi na runinga za nyumbani kupitia mawimbi ya waifai.

Aghalabu watu huanza kufikiria kuibadilisha pale mawimbi yanapodhoofika: filamu inasitasita, mtoto aliye chumbani analalamika kwamba masomo ya mtandaoni hayafunguki, na baba analazimika kusimama mlangoni ili simu ipate nguvu. Hiyo ni sababu halali, lakini siyo kubwa zaidi. Iliyo kubwa zaidi ni ile isiyoonekana kwa macho.

Ruta ni tarakilishi ndogo inayoendeshwa na programu. Programu hiyo, kama nyingine yoyote, hugunduliwa kasoro mara kwa mara. Maadamu mtengenezaji angali anaishughulikia modeli hiyo, hutoa marekebisho na kasoro huzibwa. Akishaitoa katika orodha yake, zitakazogunduliwa baadaye hubaki wazi, na wadukuzi hupekua mtandao mzima wakitafuta modeli hizo moja baada ya nyingine. Mwenye nyumba hapati dalili yoyote. Taa ni zile zile, na intaneti inafanya kazi kama jana.

Yaliyowapata Wabrazili

Madhara yake yalidhihirika nchini Brazil. Mwaka wa 2012, kampuni ya usalama wa tarakilishi ya Kaspersky ilieleza jinsi wahalifu walivyokuwa wameingilia takriban modemu milioni 4.5 za nyumbani na ofisini nchini humo kwa kutumia kasoro iliyokuwa katika programu yake. Hawakuharibu chochote. Walibadilisha tu mpangilio mmoja mdogo, ule unaoiambia modemu ikaulize wapi anwani za tovuti.

Kila mtu anapoandika jina la tovuti ya benki, kifaa chake huuliza kwanza namba ya anwani ya tovuti hiyo, mithili ya mgeni anayemwuliza mwenyeji njia. Wahalifu wa Brazil walijifanya wenyeji hao. Aliyeandika jina sahihi la benki yake alipelekwa kwenye ukurasa wa bandia uliofanana na wa kweli, akaandika neno lake la siri, nao wakalichukua. Hakuwa amebonyeza kiungo cha kutiliwa shaka wala kufungua barua pepe ya ulaghai. Kosa halikuwa lake, bali la kisanduku kilichokuwa ukutani.

Mnamo Mei 2018, watafiti wa kampuni ya Cisco walitangaza kwamba programu hasidi iliyopewa jina VPNFilter ilikuwa imeambukiza vifaa visivyopungua 500,000 katika mataifa 54, vingi vikiwa ruta za nyumbani na za biashara ndogo. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliwaomba watu wazime ruta zao na kuziwasha upya.

Na si hadithi za kale. Mei 2025, FBI ilitoa ilani mahususi kuhusu ruta ambazo watengenezaji wameziacha, ikataja modeli kadhaa za Linksys, zikiwemo E1200, E2500 na WRT310N. Kwa mujibu wa ilani hiyo, wahalifu walikuwa wakiziteka ruta za namna hiyo kisha kuwauzia wengine nafasi ya kupitishia shughuli zao humo, ili uhalifu uonekane umefanywa kutoka nyumba ya mtu asiye na habari. Waendesha mashtaka wa Marekani walisema biashara hiyo inaaminika kuwaletea wenyewe zaidi ya dola milioni 46. Tovuti mbili zilizotumiwa kuiendesha, Anyproxy na 5socks, zilifungwa.

Umri wa ruta

Humu nchini, kebo za kwanza za intaneti za baharini zilifika Mombasa mwaka wa 2009. Katika miaka iliyofuata nyaya za faiba zilienezwa katika mitaa ya Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret. Ina maana kwamba vingi vya visanduku vilivyofungwa wakati huo, ikiwa havijabadilishwa, sasa vimekula chumvi.

Kujua iwapo ruta imeachwa si kazi ngumu. Chini yake kuna kibandiko chenye jina la mtengenezaji, namba ya modeli na aghalabu herufi V pamoja na namba ya toleo. Namba ya toleo ni muhimu, kwani ruta mbili zenye jina moja huweza kuwa na vifaa tofauti ndani. Jina hilo likiandikwa katika tovuti ya mtengenezaji, sehemu ya msaada, huonekana tarehe ambapo marekebisho ya mwisho ya programu yalitolewa. Ikiwa imepita miaka mitatu au minne bila chochote kutolewa, au ukurasa unasema waziwazi kwamba modeli hiyo haishughulikiwi tena, basi wakati wake umekwisha hata kama mawimbi bado yana nguvu.

Kuna dalili nyingine iliyo rahisi zaidi. Ruta isiyotambua ulinzi wa WPA2, uliokuja mwaka wa 2004, haifai kubaki nyumbani hata siku moja. Ile inayotegemea WEP ni sawa na nyumba isiyo na mlango, maana ulinzi huo ulivunjwa na wataalamu tangu 2001.

Aliyekodisha ruta kutoka kwa kampuni ya intaneti ana nafuu hapa. Kifaa si chake, na anaweza kudai kibadilishwe. Wateja wengi hawadai, wakidhani kwamba fundi atakuja tu endapo laini imekatika kabisa. Inafaa kupiga simu, kutaja modeli na kuuliza moja kwa moja ni lini programu yake ilirekebishwa mara ya mwisho.

Je, tatizo ni ruta kweli?

Kabla ya kutoa pesa, inafaa kuhakikisha mgonjwa ni nani. Jaribio lake ni rahisi: tarakilishi iunganishwe na ruta kwa kebo, kasi ipimwe, kisha kebo iondolewe na kasi ipimwe tena kwa waifai mahali pale pale. Ikiwa kwa kebo kasi ni ile inayolipiwa na kwa waifai ni robo yake, kosa ni la ruta au mahali ilipowekwa. Ikiwa zote mbili ni duni, ruta mpya huenda isisaidie chochote. Wa kulaumiwa pengine ni kampuni au waya wake, na malalamiko yapelekwe huko.

Jaribio hili lina mtego mmoja. Ruta nyingi za zamani zina matundu ya kebo yasiyoweza kupitisha zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde. Mteja aliyepandishiwa kasi hadi 200 au zaidi ataiona ikigota hapo kila siku, ilhali kampuni inampa haki yake kamili.

Wakati mwingine ruta huonewa bure. Ile inayojizima na kujiwasha ovyo huenda haina kasoro nyingine ila adapta ya umeme iliyochoka, na adapta ni rahisi kubadilisha. Iliyofungiwa ndani ya kabati hupata joto na kupoteza nguvu; ikitolewa ikawekwa juu, katikati ya nyumba, hupona. Kuna familia zilizonunua ruta mpya na kuiweka pale pale nyuma ya runinga, zikashangaa kuona hali haikubadilika.

Kuta, mabati na majirani

Hapa ndipo ushauri ulioandikwa kwa nyumba za Ulaya na Marekani, ambazo kuta nyingi za ndani ni za mbao na ubao mwembamba, huwapotosha wasomaji wa huku. Nyumba zetu ni za mawe na saruji. Mawimbi ya waifai husafiri kwa masafa mawili makuu, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya kwanza ni ya polepole lakini hupenya ukuta vizuri zaidi. Ya pili yana kasi, ila ukuta mmoja wa mawe huyapunguza sana na wa pili huweza kuyamaliza.

Mji wa Kale wa Mombasa na kisiwani Lamu mambo ni magumu zaidi. Nyumba za kale huko zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake huweza kufika unene wa nusu mita. Ruta moja, hata iwe ya bei ya kutisha, haitapita kuta tatu za namna hiyo. Anayeishi humo asitafute ruta yenye antena nane. Atafute mfumo wa visanduku viwili au vitatu vinavyoshirikiana, kila kimoja katika sehemu yake ya nyumba, na ikiwezekana aviunganishe kwa kebo iliyopitishwa ukutani. Kebo ni muhimu kwa sababu visanduku vinavyozungumza hewani hutumia sehemu ya kasi ile ile vinayopaswa kuwagawia watu. Vile vifaa vya bei nafuu vya kurudufu mawimbi, vinavyochomekwa kwenye soketi, ndivyo vyenye udhaifu huu mkubwa, kwani vingi hupunguza kasi kwa karibu nusu.

Wakazi wa majumba ya ghorofa wana tatizo tofauti. Mtu akifungua orodha ya waifai katika ploti ya Pipeline au Kayole, huona majina ishirini, thelathini. Katika masafa ya gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na majirani wote hao wanazigombania. Ni kama matatu zote za jiji kulazimishwa kupita barabara ya safu tatu. Kwa mkazi huyo, ruta yenye gigahezi 5 ni lazima, na kule kushindwa kwake kupenya kuta ni faida: mawimbi ya jirani nayo hayafiki kwake. Nyumba ya chumba kimoja au viwili haihitaji zaidi ya ruta moja ya wastani.

Paa la mabati na dari yenye karatasi za madini hurudisha mawimbi. Anayetaka intaneti ifike katika banda la nje lenye kuta za mabati apitishe kebo hadi ndani na kuweka kisanduku cha pili huko.

Maandishi ya kwenye boksi

Wauzaji hupenda kuonyesha namba kubwa. Boksi lililoandikwa AX3000 halimaanishi kwamba simu itapata megabiti 3000. Namba hiyo ni jumla ya kasi za masafa yote mawili, 574 kwa gigahezi 2.4 na 2402 kwa gigahezi 5, zikakadiriwa kwenda juu. Tena ni kasi za maabara, zisizofikiwa sebuleni, na kifaa kimoja hakitumii masafa yote mawili kwa kawaida. AX1500 ni 300 na 1201. Aliye na laini ya megabiti 20 au 40 kwa sekunde hatafaidi chochote cha ziada kwa kununua AX3000, kwani ruta haiwezi kugawa ambacho haikupokea.

Lenye maana zaidi ni kizazi cha waifai. Tangu Oktoba 2018, muungano wa watengenezaji uitwao Wi-Fi Alliance uliacha majina ya herufi na kuanza kuvipa namba. Wi-Fi 4 ni ya mwaka wa 2009, Wi-Fi 5 ya 2013, nayo Wi-Fi 6 ilianza kuidhinishwa 2019. Wi-Fi 7 ilianza kupewa vyeti Januari 2024. Vyote huelewana na simu za zamani, kwa hivyo hakuna kifaa kitakachoachwa nje.

Kwa familia ya kawaida leo, Wi-Fi 6 ndiyo chaguo la busara. Ubora wake hasa si kasi. Ni ule uwezo wa kuhudumia vifaa vingi kwa wakati mmoja bila kimoja kusubiri kingine, jambo lenye maana katika nyumba yenye simu tano, runinga na tarakilishi mbili. Tena vifaa vilivyopewa cheti cha muungano huo tangu Julai 2020 hulazimika kuwa na ulinzi wa WPA3. Wi-Fi 7 ni nzuri, lakini kuilipia ilhali hakuna simu ndani ya nyumba inayoweza kuitumia ni kununua tandiko kabla ya punda.

Swali ambalo wanunuzi wachache huliuliza, na ambalo lilipaswa kutangulia yote, ni hili: mtengenezaji ameahidi kurekebisha programu yake hadi lini? Nchini Uingereza, sheria iliyoanza kutumika Aprili 29, 2024 inawalazimu watengenezaji kutaja muda huo, na inapiga marufuku vifaa vinavyouzwa vyote vikiwa na neno moja la siri jepesi kukisiwa. Mkenya anaweza kunufaika na sheria hiyo kwa mlango wa nyuma. Modeli nyingi zinazouzwa Luthuli Avenue huuzwa pia Uingereza, na muda uliotajwa huko kwa ajili ya modeli hiyo husomeka mtandaoni. Ruta ya bei nafuu iliyobakiza mwaka mmoja wa marekebisho si nafuu.

Inayofaa ni ile inayojirekebisha yenyewe usiku bila kumngoja mwenye nyumba. Wachache mno hukumbuka kufanya kazi hiyo kwa mikono.

Mitumba na umeme

Ruta za mitumba kutoka ng'ambo zina mvuto wa bei, ila nyingi ziliuzwa kwa sababu ile ile iliyoelezwa hapo juu: wenye kuziunda wameziacha. Aidha, adapta zinazotoka Marekani zisomwe kwanza. Iliyoandikwa 100-240V ni salama. Iliyoandikwa 120V pekee itaungua ikichomekwa katika umeme wetu wa volti 240. Mamlaka ya Mawasiliano nchini (CA) huhitaji vifaa vya mawasiliano viidhinishwe kabla ya kuuzwa humu nchini, na muuzaji anayekwepa swali hilo ajibiwe kwa kuondoka dukani.

Kuna wajuzi wanaofufua ruta kuukuu kwa programu huria ya OpenWrt, iliyoanza mwaka wa 2004 kutokana na programu ya ruta maarufu ya Linksys WRT54G. Ni njia nzuri kwa anayeielewa. Hata hivyo, ruta zenye hifadhi ya megabaiti 4 na kumbukumbu ya megabaiti 32, kama zilivyo nyingi za enzi hizo, hazitoshi tena kwa matoleo ya sasa.

Anayeunganishwa kwa faiba asitupe kisanduku cha kampuni. Ndicho kinachotafsiri mwanga wa waya kuwa intaneti, na ruta ya dukani haiwezi kazi hiyo. Ruta mpya huunganishwa nyuma yake kwa kebo, kisha kampuni huombwa izime waifai ya kisanduku chake pamoja na kazi yake ya ugavi ili viwili hivyo visigongane. Wateja wa Starlink, iliyoanza huduma humu nchini Julai 2023, hupewa ruta pamoja na dishi, na wengi wao hawahitaji nyingine.

Kwa sababu umeme hupotea mara kwa mara, betri ndogo ya akiba ya ruta ni ununuzi wa maana. Izingatiwe tu kwamba volti zake, 9 au 12, zilingane na zilizoandikwa kwenye adapta. Na ikiwa laini ni ya faiba, kisanduku cha kampuni nacho kiunganishwe na betri hiyo. Ruta ikiwaka peke yake gizani haina intaneti ya kugawa.

Siku ya kuibadilisha

Ruta mpya ikifika, neno la siri la kuingilia katika mipangilio yake, ambalo ni tofauti na lile la waifai, libadilishwe kabla ya jambo lingine lolote. Kisha programu isasishwe, kwani huenda boksi limekaa ghalani mwaka mzima. Uwezo wa kuiendesha ruta kutoka nje ya nyumba uzimwe; ndio mlango uliotajwa katika ilani ya FBI. Kitufe cha WPS, kinachounganisha vifaa bila neno la siri, nacho kizimwe, maana udhaifu wake ulifichuliwa tangu mwisho wa 2011.

Ukiipa ruta mpya jina na neno la siri la waifai ya zamani, vifaa vyote huungana vyenyewe bila kuguswa. Ni mbinu inayookoa muda, ila inawarudisha pia wote waliowahi kupewa neno hilo: mpangaji aliyehama, fundi wa mwaka juzi na watoto wa jirani.

Ile kuukuu isiuzwe wala kupewa mtu kama ilivyo. Mwaka wa 2023, kampuni ya ESET ilinunua ruta za mitumba zilizotoka makampunini na kukuta kwamba zaidi ya nusu bado zilikuwa na siri za wenyewe. Ya nyumbani huhifadhi neno la siri la waifai na wakati mwingine lile la akaunti ya kampuni ya intaneti. Kuna kitundu kidogo nyuma yake. Pini ikiingizwa humo na kushikiliwa kwa sekunde kumi hivi huku ruta ikiwa imewashwa, taa zote huzimika kisha huwaka upya, na kumbukumbu yake huwa imefutwa.